Jiwe la Mama Mkwe Lililokataa Kuzama

Mume wangu alileta nyumbani tangi la kioo la samaki bila kuniuliza, na mimi nikanuna wiki nzima. Nyumba yetu ya mtaa wa Murara ni ya mbao, maji tunayabeba kwa bidoni, halafu yeye anataka samaki nao wapewe ya kwao. Walikuja samaki wekundu wachache pamoja na mimea ya kuishi ndani ya maji. Kila asubuhi tuliikuta mimea hiyo inaelea, mizizi nje, na mimi nikasema afadhali.

Aliyeumia moyo ni mama mkwe wangu. Alikuwa mkulima maisha yake yote kule upande wa Butembo. Alikuja kwetu kutibiwa tansiyo, shinikizo la damu, na njia ikafungwa nyuma yake kwa vita. Daktari alimweleza wazi kwamba safari ndefu inaweza kumuua. Aliitikia kwa adabu, akamshukuru, kisha akaendelea kumuuliza kila mgeni kama kuna gari la kwenda kwao. Mimi ni mtu wa upande wa Bukavu, na tulitaniana kuhusu chakula tangu chai ya asubuhi hadi kulala. Nilimpenda sana. Kila nilipomsikia anaulizia gari, niliomba lisipatikane.

"Munapandaka namna gani hii?" aliniuliza siku moja, amesimama mbele ya tangi.

Akakunja mikono ya blauzi, akazamisha mkono hadi kiwiko, akachimba kokoto. Akaufukia mmea mmoja wa majani mapana, shina lote, akaujengea na tuta kama la viazi. Alijipangusa akiwa ameridhika kabisa. Siku chache baadaye majani yakawa ya manjano, na shina likaoza hadi likanuka.

Mume wangu akampigia simu mtu aliyempa tangi. Kumbe mmea wa aina ile shina lake halifukiwi. Hufungwa kwa uzi juu ya jiwe, mizizi ishike jiwe yenyewe, ndipo uzi ukatwe. Bado tulikuwa na mwingine wa aina hiyo.

"Mumea wa kufunga sawa mbuzi," mama alisema. Lakini alikwenda kutafuta uzi.

Mawe hatukosi. Ua wetu wote ni mawe meusi ya volkano. Udongo wa kupandia lengalenga, mchicha wetu, ndio unaotusumbua. Alizunguka nyuma ya nyumba akachagua jiwe lenye matundu mengi, kwa sababu mizizi ingepata pa kuingia, na kwa sababu lilikuwa jepesi kwa mikono yake. Akaufunga mmea taratibu, akakata uzi kwa meno, akaliweka majini. Jiwe likapanda juu pamoja na mmea wake, likaanza kuzunguka, samaki wakilifuata.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye alilitazama kwanza.

"Kwetu jiwe ikiingia mu maji inazama," alisema. "Hapa hata jiwe inaogelea. Ni inchi gani hii?"

Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka hivyo tangu aje.

Nilimwokotea jiwe zito, akalikataa. Alikuwa ameshachagua lake. Mume wangu akamwambia jiwe la namna ile lazima lilowekwe mpaka matundu yote yajae maji. Basi akaufungua mmea, akautia kwenye kikombe cha maji, na jiwe akaliacha katika karai nyuma ya jiko. Kila asubuhi alikwenda kulitazama kabla hajanywa chai. "Bado," aliniambia akirudi, na mimi nikawa nalingoja lile jiwe kama mtu wa nyumbani.

Asubuhi moja niliwahi mimi. Jiwe lilikuwa limelala chini kabisa ya karai. Nilinyamaza, nikitaka alione mwenyewe. Alikwenda, akainama, akatumbukiza kidole akaligusa. Akarudi, akanywa chai yake, na siku hiyo hakusema "bado".

Mchana wa siku hiyo akaja mfanyabiashara wa kwao, mtu anayeijua njia ya kuzungukia Uganda.

"Mama, nilikupatia nafasi mu gari," alimwambia. "Tunaondoka siku ya mardi. Tutakupeleka muzuri."

Nilikuwa nakoroga sombe, mboga ya majani ya mihogo. Nikaacha. Ndilo neno alilokuwa akilingoja miezi yote ile, na sikuwa na haki ya kumzuia. Aliweka mikono magotini, akatazama kule nyuma ya jiko.

"Mwanangu, aksanti," alisema mwishowe. "Lakini niko na mumea hapa, na jiwe yake haiyazama bado. Siwezi kuiacha hivi. Wasalimie wote."

Mgeni hakuelewa. Akanigeukia mimi.

"Ni kweli, mama?"

"Ni kweli," nikamwambia. "Ingali juu ya maji."