Mwalimu Felista na Mtaala wa Marika

Felista wa Lufingo hakuwa mtu mbaya. Hilo naliweka wazi mapema, maana mkisikia aliyoyafanya mtataka kumsema kabla sijamaliza. Alikuwa tu haamini mtu. Akinunua maharage sokoni Tukuyu, atazamisha mkono mpaka chini ya gunia aone kama ya chini ni sawa na ya juu. Mchuuzi wa parachichi akimsifia matunda yake, anafunika kikapu kwanza, ndipo anauliza, "Unanisifia ili iweje?"

Mahali pamoja tu roho yake ilikuwa inatulia, napo ni chumba cha kwaya nyuma ya kanisa, ambako alifundisha Shule ya Jumapili tangu mwanawe Anyitike akiwa wa kubebwa. Anyitike sasa ana ndevu na anaendesha bajaji Mbeya. Mume alishatangulia mbele za haki. Siku nyingine Felista alikuwa mtu wa migomba, chai na ng'ombe mmoja mkaidi, lakini Jumapili alikuwa Mwalimu. Na alifundisha kweli! Somo la Yona alikuwa anakunja mkeka mkubwa, watoto wanaingia mmoja mmoja kwa kutambaa, yeye anautikisa na kunguruma kama bahari, wao humo ndani wanapiga kelele za kuomba rehema. Mtoto akitoka kwenye mkeka ule hamsahau Yona mpaka anazeeka.

Tatizo, na Felista alilijua ila hakulisema, ni kwamba watoto wote walikaa chumba kimoja. Anayeletwa mgongoni mwa dada yake yumo, na anayesubiri kipaimara yumo, amejiegemeza ukutani, Yona ameshammeza na kumtapika kila mwaka. Wakubwa walikuwa wanasinzia waziwazi. Wakishapata kipaimara hao wanapotea: wavulana bodaboda mjini Tukuyu, wasichana Mbeya, na kanisani hawaonekani tena mpaka waletwe na harusi au jeneza.

Ndiyo maana Mchungaji Jotham akasimama Jumapili moja baada ya matangazo, akasema usharika utatengeneza mtaala. Si wa mwezi wala wa mwaka. Mtaala wa kumchukua mtoto akiwa hajui kufunga vifungo vya shati, umfundishe hatua kwa hatua mpaka awe kijana wa kuoa au kuolewa. Akasema kazi hiyo ataiongoza Prisca, mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishiwa kwetu kutoka Singida, kwa sababu amesomea mambo ya mitaala.

Katika maneno yote hayo Felista alisikia moja tu: amesomea. "Basi wananitoa," akajisemea, na tangu siku ile hakulala vizuri.

Jumapili iliyofuata Prisca akaja kukaa nyuma kabisa ya chumba cha kwaya. Anatazama, anaandika, anatazama. Felista akautikisa mkeka kwa nguvu hadi mtoto mmoja akatoka analia. Walipomaliza, Prisca akamsogelea kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mwalimu. Somo limenifurahisha sana. Naomba nikuulize, hawa wakubwa wanaosinzia, wewe unaona wanahitaji nini?"

"Marahaba. Wanahitaji kulala mapema Jumamosi," Felista akajibu, akakunja mkeka wake akaondoka.

Basi Prisca akaanza kuzunguka majumbani. Hapo ndipo alipokosea, maskini, na kosa lenyewe angelikwepa kwa kuambiwa neno moja tu na mwenyeji. Alikuwa akifika kwenye nyumba, anasalimia vizuri, kisha anauliza: mna watoto wangapi? Wa kwanza kazaliwa lini, wa mwisho ana umri gani? Kwa akina mama wa Lufingo, hasa wa umri wa Felista, watoto hawahesabiwi mdomoni hivyo. Ukimuuliza mama ana wangapi atakuambia, "Wapo, Mungu anawaona," na wewe mstaarabu unaishia hapo. Anayetaka hesabu kamili ana lake jambo. Prisca wa Singida angelijulia wapi hilo? Felista alimwona akipanda kilima na maswali yake, akajua kabisa anakwenda kuharibu, akanyamaza. Tena akanyamaza kwa raha.

Kunyamaza kungetosha, lakini hapana. Siku ya kupeleka majani ya chai kupimwa, wanawake wamekaa juu ya magunia wakisubiri gari, Felista akamgeukia jirani yake Mama Happy.

"Kwako amefika yule?"

"Amefika. Kaniuliza Happy kazaliwa mwezi gani. Nikamwambia mwezi wa mvua."

"Na mvua kwetu hainyeshi mwezi mmoja," Felista akasema, wakacheka. Kisha akashusha sauti. "Lakini nikuulize, mwenzangu. Mtu anaorodhesha watoto wa watu nyumba kwa nyumba. Wa kwake hana hata mmoja. Anawapeleka wapi?"

Mama Happy akaacha kucheka. Felista hakutaja mahali, mjanja huyo; aliacha kila mmoja ajaze mwenyewe. Na walijaza! Kabla ya mwisho wa wiki ilishajulikana kwamba kuna bweni linajengwa mjini, kwamba picha za watoto zinakwenda Ulaya, kwamba kuna wafadhili wamechagua wenye meno mazuri. Felista aliposikia la meno akashtuka kidogo, maana hilo si yeye aliyelisema. Ila hakulikanusha. Akaongeza la kwake: "Mtaona, watakuja kwa maneno matamu. Watatumia hata mtu tunayemwamini."

Mchungaji akamwita kwenye kikao cha mtaala. Felista akasema ng'ombe anaumwa. Akamwita tena, ng'ombe akawa bado mgonjwa. Mwishowe Prisca akaja mwenyewe mpaka uani, viatu vimejaa tope, mkononi kilo ya sukari.

"Sukari ya nini?" Felista akauliza kabla ya kukaribisha.

"Ya chai tu, Mwalimu. Nimekuja kwa sababu kuna jambo nataka tulipange mimi na wewe. Bila wewe halisimami."

"Kama halisimami, basi lilale."

Prisca akatabasamu, akataka kueleza. "Mwalimu, nimeongea na Mzee Ambokile, ameniambia jinsi zamani vijana..."

"Samahani, mwalimu, nakamua." Akaingia bandani kwa yule ng'ombe mgonjwa. Prisca akasubiri kidogo, akaiweka sukari kwenye kigoda, akaondoka. Ile sukari Felista hakuigusa, akaipa jirani.

Siku ya uzinduzi ilipokaribia, mwanakwaya mmoja akamtonya kwamba Jumapili hiyo watoto watagawiwa walimu. Kugawiwa! Jumamosi nzima alizunguka Lufingo mlango kwa mlango. "Kesho watoto wabaki nyumbani. Wote. Tuone watamgawa nani." Akina mama wakaitikia, maana kama kuna mtu waliyemwamini kwa habari za watoto wao, ni yeye.

Jumapili ikapambazuka na jua zuri. Felista alivaa kitenge chake cha sikukuu na kukaa mbele, uso mkavu. Mabenchi ya watoto yalikuwa matupu, isipokuwa watoto wa mchungaji na wachache wa watumishi wa zahanati, wote wakubwa, ambao hakuna aliyekuwa amewaambia. Mchungaji alitazama mlangoni mara kwa mara. Hatimaye akampa Prisca nafasi.

Prisca alisema vizuri. Alisema Mzee Ambokile alimfundisha kwamba zamani huku vijana wa rika moja walijenga pamoja, wakalima pamoja, wakazeeka majirani. Yeye akafikiri: kwa nini kanisa lisifanye hivyo? Kwa hiyo aliuliza umri wa watoto ili awapange kwa marika. Masomo yatabadilika kila mwaka kadiri watoto wanavyokua, lakini mwalimu hatabadilika. Rika likipewa mwalimu, anapanda nalo: utotoni, kipaimara, ujana, mpaka siku ya harusi zao anakaa na wazazi. "Maana nimeona watoto hawatukimbii kwa kuwa masomo yameisha," akasema. "Wanatukimbia kwa kuwa hakuna anayekwenda nao."

Felista akayageukia yale mabenchi matupu.

"Na rika dogo kabisa, ambalo mtaala wote unaanza nalo," Prisca akaendelea, "tumeomba apewe Mwalimu Felista. Somo la kwanza ni Yona wa kwenye mkeka. Hilo sikulibadilisha hata kidogo. Nilitaka kumwambia mapema, ila ng'ombe wake alikuwa mgonjwa."

Watu wakapiga makofi. Mchungaji Jotham akamwita Felista madhabahuni, akasema kwa furaha, "Watoto wa Mwalimu Felista, njooni msimame na mwalimu wenu!"

Hakuja mtu. Felista alisimama mbele ya usharika mzima, mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe, na chini ya aibu hiyo alitamani wale watoto wawepo.

"Labda ni mvua," Prisca akasema taratibu, kumsitiri, na jua linaingia kwa kila dirisha.

Ibada ilipoisha Felista hakusubiri kusalimiana. Alishuka kilima mbio kama msichana mpaka kwa Mama Happy, akamkuta uani anamenya ndizi.

"Mama Happy, Jumapili ijayo umlete mtoto. Jambo ni zuri. Nimelisikia kwa masikio yangu."

Mama Happy akaendelea kumenya. Kigoda hakutoa. "Nasikia wamekupa darasa."

"Wamenipa rika dogo. Nitakwenda nao mpaka wakue! Mwenzangu, nilikosea. Nilisema nisiyoyajua."

"Mh. Na wewe ndiye uliyekataa kuja vikaoni, leo unasema ni zuri." Akaweka kisu chini, akamtazama juu mpaka chini. "Wamekuahidi nini, Mama Anyitike?"

"Hakuna! Naapa, hakuna."

"Ulituambia watatumia mtu tunayemwamini."

Happy akachungulia kutoka jikoni, akamwona mwalimu wake, akaanza kumkimbilia mikono imenyooshwa. Mama yake akamdaka begani, akamwingiza ndani, akafuata mwenyewe na kuvuta mlango. Felista akasikia komeo likiingia, kisha sauti ya mtoto.

"Mama, mbona unamfungia mwalimu?"

"Nyamaza wewe. Hatujui ametumwa na nani."