Kitanda cha Ndani ya Haisi

Watu waliponiona nazunguka kutafuta gari lenye kitanda ndani, walisema nimechoka kuishi na wenzangu. Mwanamke mzima, mjane, mwenye nyumba ya bati ya vyumba vinne kule Susuni, anatafuta gari la kulala! Niliwaacha waseme. Nimeendesha pikapu ya ndizi miaka mingi kutoka Susuni hadi sokoni Tarime mjini, nimekwama kwenye tope na kujikwamua mwenyewe, na kwa mambo ya magari sijawahi kuomba ruhusa ya mtu. Nilijua ninachotaka na nilijua kwa nini.

Sababu ilikuwa binti yangu. Ameolewa Ringwani, wilaya ya Serengeti, na kwetu sisi Wakurya mama halali kwenye mji wa mume wa binti yake. Tunaiita ensoni, ile aibu ya heshima. Simpi mkwe wangu mkono, sili naye pamoja, kitanda chake sikisogelei, wala yeye changu. Nikienda kumwona binti nafika asubuhi, nakaa nje kivulini, jioni naondoka. Kulala kwa majirani haiwezekani, maana majirani wote ni ndugu zake, kwa hiyo wote ni wakwe zangu. Nyumba ya wageni mpaka uende Mugumu.

Mimba yake ya kwanza, niliondoka saa kumi jioni nikamwacha ameshika kiuno. Alisema, "Nenda tu mama, ni uchovu." Nikapanda bodaboda. Alfajiri nikapigiwa simu kwamba mtoto hakupona. Sitaki kuandika mengi hapo. Nililaumu mila, nikalaumu barabara, nikajilaumu mimi, na kabla sijamaliza kulaumu binti yangu akapata mimba nyingine. Nikaapa kwamba safari hii siondoki saa kumi.

Kumleta azalie kwangu, ukoo wa mumewe ulikataa. Mtoto wao azaliwe kwao. Hema nililifikiria, lakini hema na fisi wa kule, hapana. Likabaki gari. Gari langu mwenyewe, popote litakaposimama, ni nyumba yangu. Hilo nililigeuzageuza kichwani wiki nzima nikipalilia migomba na sikuona kasoro. Hata hivyo nikamwuliza wifi yangu mkubwa, dada wa marehemu mume wangu, ambaye kwa mila hana mchezo.

"Ukiwa na mlango wako na kitanda chako," akasema, "upo kwako."

Gari la kwanza nililiona Sirari, mpakani. Mwenye nalo alikuwa mtu wa upande wa pili, ananiita mathe, anasema hii gari imetulia, hata jikoni iko. Kweli ilikuwa na sinki dogo, bomba, pazia za maua na taa za rangi tatu. Alikuwa anaziwasha na kuzizima, ananitazama usoni kama nimeshalainika. Mimi nikavua kiatu nikakanyaga zulia, nikasikia linabonyea. Nikalifunua. Bati lilikuwa limeliwa na kutu mpaka unaona nyasi chini. Nikamwuliza kama na tundu hilo ni la jikoni. Taa za rangi zingenisaidia nini kwenye tope la Ringwani? Nikavaa kiatu changu nikaenda zangu.

La pili lilikuwa Nyarero. Haisi nyeupe, imechubukachubuka, mali ya mfanyabiashara wa mitumba aliyekuwa akizunguka nalo minadani na kulala humohumo. Viti vya nyuma alikuwa amevitoa, akaweka kitanda cha mbao ubavuni, sanduku la kutunzia vitu chini yake, wavu wa mbu dirishani na ndoano za kutundikia nguo. Nililipenda palepale, ila usoni sikuonyesha kitu. Nilifungua na kufunga mlango mara tano kwa ndani, maana anayelala ndani lazima aweze kujifungulia. Nikaliendesha mpaka mtoni na kurudi. Gia zinaingia, breki zinashika. Kitandani nilikaa tu, nikaona haya kujilaza mbele ya muuzaji.

Kilichobaki kilikuwa chini ya gari, na magoti yangu hayainami tena. Binti akaniambia kwenye simu, "Mbona mume wangu ni fundi?" Ni kweli, mkwe wangu ni fundi magari, na kwa kazi yake namvulia kofia. Nikakubali aje. Ila hapo ndipo nilipokosea: sikumwambia kitanda ni cha nani. Utamwambiaje mkwe wako mahali utakapolaza mwili wako? Nilimwagiza binti aseme mama anatafuta gari la safari fupifupi, basi. Binti naye, kwa aibu hiyohiyo, akasema hivyohivyo.

Alikuja na pikipiki. Akaniamkia shikamoo kwa mbali, ameinamisha kichwa, nami nikaitikia marahaba nikiangalia migomba ya watu. Nikaenda kusimama ng'ambo ya barabara. Kila alichokiona alimwambia muuzaji, na muuzaji akavuka kuniletea. Springi nzima. Difu haivuji. Chasisi haijachomelewa popote. Kila habari ilinizidishia hamu, na muuzaji alikuwa ameshaninong'oneza kwamba kuna mtu kutoka Musoma anafika mchana huo na hela mkononi.

Kisha mkwe akamwambia muuzaji awashe injini na kuiacha ingurume. Akavua viatu, akapanda kwa nyuma. Nikamwona anapotea ndani, halafu nikaona soksi mbili zimechomoza mlangoni, moja ina tundu kwenye kisigino. Alikuwa amejinyoosha kitandani mzimamzima, ameweka sikio ubaoni, anasikiliza mtetemo.

Nikageuka nikatazama upande mwingine kana kwamba nimemwona hana nguo. Machozi ya hasira yakanijaa. Nimezunguka wiki ngapi, nimepata gari zuri kuliko yote, na sasa kitanda chake ni kitanda cha mkwe wangu. Yeye sikumkasirikia, angejuaje? Niliukasirikia mdomo wangu uliojifunga mahali pa kusema.

Mtu wa kwingine ataniambia ni dakika mbili tu, kitanda hakikuandikwa jina, nani angejua. Ningejua mimi. Kila nikijilaza pale ningekuwa najilaza alipolala yeye. Na jambo lolote likimpata mtoto, wangesema ni bibi yake aliyevunja ensoni, na sina hakika kama mimi mwenyewe nisingesema hivyo.

Muuzaji akavuka barabara anameremeta, akasema fundi amelipitisha, hakuna tatizo hata moja.

"Nalichukua," nikamwambia. "Kitanda ung'oe."

Akaanza kunieleza kwamba kitanda ndicho kinachouza gari, mbao zenyewe ni mninga, mtu wa Musoma anakitaka hichohicho. Nikamwelekeza kwa kidevu. Akageuka, akaziona soksi, akaniangalia mimi, akarudi kuziangalia soksi. Naye ni Mkurya. Alishika kiuno akacheka mpaka akachuchumaa pale kando ya barabara.

"Hata mimi nisingelala, mama," akasema, akaenda kutafuta nyundo.

Mkwe wangu aliposhuka alikuta muuzaji anakuja na nyundo na msumeno. Hakuna aliyemwambia neno. Aliangalia zile zana, akaangalia kitanda, akatupa jicho upande wangu na kuliondoa haraka. Akavaa viatu bila kufunga kamba, akawasha pikipiki. Nilimwonea huruma sana. Alikuwa amefanya kazi nzuri kuliko mafundi wote ninaowajua, na ameondoka kama mtu aliyefumaniwa.

Nilipeleka gari kwa seremala Tarime mjini, nikamwambia aweke kitanda kipya ubavu wa pili, na kiwe kipana. Akataka kujua mjane anataka upana wote huo wa nini. Nikamwambia apime mbao, maisha yangu ayaache. Kile cha zamani nilikifunga juu ya gari na siku nilipokwenda Ringwani nikakishusha kwa mwenyewe. Si ndiye aliyekilalia? Ndugu zake walikipokea, wakakiingiza ndani, na hakuna aliyeuliza.

Nilidhani atakuwa amenuna. Kumbe alikuwa ameniandalia mahali. Nje ya boma, nyuma ya ghala la mahindi, alikuwa amesawazisha ardhi na kupanga mawe ya kukanyagia magurudumu ili nisizame mvua ikinyesha. Hatua chache kutoka hapo alikuwa amechimba choo cha peke yangu, amekizungushia mabati mapya. Binti alisema alichimba siku nne na hakutaka kusaidiwa. Nilikaa nimeshika usukani nikalia, nami si mtu wa kulia hovyo. Nikamwagiza binti amwambie mumewe kwamba nimeona.

Uchungu ulimshika binti saa nne asubuhi, wiki yangu ya pili pale. Nilimlaza kwenye kitanda changu nikaendesha mpaka hospitali Mugumu, mume wake anatufuata na pikipiki, vumbi letu lote analila yeye. Kabla ya jua kuzama nilisikia mtoto analia. Nilikaa chini sakafuni pale kwenye korido, nesi akadhani nimeanguka.

Siku ya tatu baada ya kurudi Ringwani, nilikuwa nimejilaza ndani ya Haisi, mlango wazi, ng'ombe wanapita kwenda zizini. Binti akatoka nyumbani kwake, anatembea polepole, mtoto kamfunga kifuani. Mumewe alimsindikiza mpaka kwenye ghala, akasimama hapo, akatugeuzia mgongo.

"Hodi, mama," binti akasema. "Tumekuja nyumbani. Sogea."

Nikatazama saa kwa mazoea. Ilikuwa saa kumi. Nikasogea.