Kigong'ota Alipoita Kushoto

Nilipokuwa mtoto, sikuwahi kumwona baba akimaliza chai akiwa ameketi. Aliinywa akizunguka ua, kikombe mkononi, akihutubia kuku. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwetu Kitui, mpaka bwawa lilipojaa kwenye mto Tana na vijana aliowafundisha wakageuka wavuvi. Walipoanza kunyanyaswa na wachuuzi, baba akaacha chaki, akawaundia chama, nao wakamfanya mwenyekiti. Susu, yaani nyanya yangu aliyemzaa baba, alinuna. Kwake samaki alikuwa nyoka wa majini na hakuingia kwenye chungu chake.

"Umeacha watoto wa watu ukafuata nyoka," alimwambia.

Mwaka wa uchaguzi baba akautaka udiwani. Karatasi zake zilipaswa kufika mjini kabla ya saa sita mchana, pamoja na watu wa kumpendekeza. Asubuhi hiyo wavuvi walikuja wamevaa mashati ya kanisani, tukawasindikiza njiani. Hatujafika mbali, kigong'ota akaita kutoka upande wa kushoto.

Kwetu msafiri humsikiliza ndege huyo. Akiita kulia, nenda. Akiita kushoto, keti hapo hapo mpaka aite kulia, la sivyo urudi nyumbani.

"Leo hamfiki," Susu alisema.

Baba alicheka. Mzee wa kanisa huyo, na mwalimu wa sayansi! "Mama, huyo anatafuta wadudu tu." Akapiga hatua, kisha akageuka. Wavuvi wote walikuwa wameketi vumbini na mashati yao meupe.

"Mwalimu, wewe enda tu," alisema Mutua, mkubwa wao. "Sisi tunakaa kwanza. Huko kwa maji, hii ndege ikiita hivi hatuingii. Mwenye alibisha tulimzika."

"Tukichelewa tumeisha!"

"Tunajua, Mwalimu."

Mjini angepata wengine wa kumpendekeza, tena wangemgombania. Baba alitazama saa, akatazama barabara, akang'oa majani, akaomba kwa sauti, akamkemea ndege. Mimi nilijua jinsi alivyoutaka ule udiwani. Mwishowe akaketi katikati yao, na suti yake ya pekee.

Ndege hakuita tena mpaka jua lilipofika utosini. Mjini walikuta mlango umefungwa.

Kwa miaka mingi nilimlaumu Susu. Niliona hawakufika kwa sababu yeye alisema hawatafika. Lakini uchaguzi uliofuata baba alipita bila kupingwa. Nani angempinga mtu aliyeketi vumbini na watu wake? Akawa diwani, na diwani hana nafasi ya kuketi. Hata Susu alipougua, baba alimjulia hali akiwa amesimama mlangoni, ufunguo wa gari mkononi. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Mwaka jana nilikuwa nikimpeleka baba hospitali. Tulitembea polepole kuelekea barabarani, gari likitungoja, ndipo kigong'ota akaita. Baba masikio yamekuwa mazito. Akanishika mkono.

"Ameita upande gani?"

Nilitamani kumdanganya. Daktari alikuwa ametupangia saa ya kufika.

"Kushoto, baba."

"Mutua angeketi," alisema.

Mutua tulimzika zamani. Nilitandika leso yangu, tukaketi kando ya njia, dereva akipiga honi. Nilitazama saa, nikatazama barabara, nikang'oa majani. Miguu ya baba, kwa mara ya pili maishani mwangu, ilikuwa imetulia. Yangu ndiyo iliyokuwa ikitimua vumbi.