Mzabibu wa Babu Kule Mlimani

Harufu ya zabibu zilizoanikwa juu ya mapaa ndiyo iliyotupokea kijijini, milimani juu ya Nizwa, huko Omani. Tulikuwa tumetoka Unguja, mimi na bibi yangu aliyenilea, na Kiarabu chetu kiliwachekesha watoto wa pale. Wakituita Wazinjibari, kisha wakikimbia. Kijiji kilikuwa cha zamani sana. Watu wa kale walipandisha udongo kwa punda kutoka bondeni, wakaumwaga nyuma ya kuta za mawe, wakapanda mizabibu pasipokuwa na kitu ila majabali. Mvua zilipokatika, vijana waliteremka pwani wakavuka kwenda Unguja kutafuta maisha, babu yangu akiwa mmoja wao. Hakurudi. Alichoacha kule ni mzabibu mmoja tu, na Bibi aliushikilia mti ule kwa moyo wake wote. "Huu ndio ushahidi kuwa na sisi tuna kwetu," akinambia.

Mzabibu ulikuwa hai kwa sababu ya Bi Thuwaiba, jirani yetu, mjane kama Bibi. Maji ya falaji, mfereji utokao chemchemini, yaligawanywa kwa zamu, na mtu akihama zamu yake walipewa wengine. Bi Thuwaiba akiumegea mti wa babu maji ya zamu yake mwenyewe, miaka yote ile, kwa kuwa mama yake babu alimwomba kabla ya kufa. Sisi hakutujua hata kwa jina.

Kiangazi chetu cha kwanza falaji ilipungua, ikawa inachuruzika tu. Maji hayakutosha miti miwili. Asubuhi moja Bi Thuwaiba alikuja akayafungulia upande wetu, kama kawaida yake. Bibi akainama, akatia jiwe na kitambaa, akauziba mfereji wetu. Nililia, nikamwambia tutabaki hatuna kitu.

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Huyu kanigaia maji na hanijui. Leo nimeshamjua, niuache mti wake ufe?"

Bi Thuwaiba alimshika mkono Bibi, wakakaa ukingoni mpaka zamu ikaisha. Baridi ilipoingia, mzabibu wetu ulikuwa kuni. Bibi aliukata mwenyewe, akachemshia kahawa. Iliniuma sana, na najua yeye ilimuuma zaidi.

Siku hizi nyumba nyingi za kule ni tupu, nyingine zinalaza watalii, na maji hupandishwa kwa pampu. Bibi na Bi Thuwaiba wamezikwa huko huko. Mwaka huu nilimpeleka binti yangu, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza.

"Mama, mti yetu iko wapi?" aliniuliza.

Sikuwa na cha kumwonyesha. Mbele yetu ulitanda mzabibu wa Bi Thuwaiba, umejaa vichala. Mwanamume mmoja akatoka shambani, mjukuu wa Bi Thuwaiba, akauliza sisi ni nani. Nikamtajia jina la Bibi. Akageuka akamwita mkewe.

"Fungua mlango," alimwambia. "Wenye mzabibu wamekuja."