Mlango wa Mhojiwa wa Kumi na Saba

Orodha ya watakaopanda basi la chuo kuzunguka kaunti ilikuwa na majina thelathini na tisa, yote ya wahadhiri na wakubwa wa ofisi. Brigid Amuron, karani, ndiye aliyepewa aichape. Akaichapa vizuri, kisha akaongeza jina lake. Na kwa kuwa orodha ilipangwa kwa alfabeti, Amuron likaangukia juu kabisa, mbele ya maprofesa. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na siku hiyo kisu kilikuwa kibodi. Mkubwa akatia saini bila kusoma, kama alivyozoea.

Usidhani alifuata soda za bure. Kwa miaka kumi na tisa Brigid alikuwa akichapa tasnifu za wanafunzi, hata kaunti nzima akaijua kwa karatasi: malori ya Malaba, shule za Sigalame, visima, mihogo, mbu. Kwa macho aliijua Kocholia alikozaliwa na Busia mjini alikoolewa. Kusini ya Funyula alikuwa hajawahi kutia mguu.

Miaka sita iliyopita alichapa utafiti juu ya mafuriko ya Budalang'i. Mwishoni mwake kulikuwa na mahojiano. Swali la kumi na moja liliuliza: ulipokimbia maji, ulibeba nini? Watu walijibu blanketi, sufuria, kuku, vyeti vya shule. Mhojiwa wa kumi na saba, mwanamke wa miaka hamsini na minne, alijibu: mlango. Basi. Swali la kumi na mbili likataka kujua choo kiko umbali gani.

Brigid aliacha kuchapa. Mtu anakimbia maji, anabeba mlango? Alimuuliza mwanafunzi mwenyewe, naye akasema dodoso halikuwa na nafasi ya kuuliza kwa nini. Kwenye jedwali, mlango ule ukawekwa pamoja na mwavuli na redio mbovu, chini ya neno "vinginevyo". Tangu hapo mlango ulimkaa Brigid kichwani. Alikuwa akiosha vyombo, unakuja. Akipanga foleni benki, unakuja. Alitaka jambo moja tu: kumwona yule mwanamke na kumuuliza. Ila jina lake lilifichwa, na mafuriko yalikuwa yamerudi mara ngapi tangu siku ile. Labda hata hayupo tena.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alikuwa langoni mwa chuo na gauni lake la harusi za watu, saa nzima kabla dereva hajawasha basi. Alikaa kiti cha mbele pamoja na Daktari Mukhtar, mjumbe wa kamati ya maadili ya utafiti, mtu mpole anayefunga vifungo vyote vya shati. Walianza na Malaba. Daktari Kiptoo, mchumi mgeni aliyehamia mwezi uliopita, alisimama dirishani akihesabu malori yaliyosubiri kuvuka, akafika mia mbili na kumi akachoka. Utingo mmoja juu ya lori aliona neno "madaktari" kwenye bango la basi na kupaza sauti, "Karibuni madaktari! Mgongo inaniuma!" Basi zima likacheka. Huko Kocholia, Brigid alimpungia mkono kila mtu, anayemjua na asiyemjua.

Kisha wakageuza kuelekea kusini. Walipopita Sigalame wahadhiri walikuwa wakiimba kama wanafunzi wa kidato cha kwanza. Baada ya hapo nchi ikaanza kushuka, ikawa tambarare, na Brigid akashindwa kukaa.

"Mzee Sulaiti, bado tu?" alimuuliza dereva.

"Mama, umeuliza mara tano. Kaa chini tufike."

Wanawake wa Budalang'i waliwapokea kwenye tuta linalozuia mto Nzoia, kwa nyimbo na samaki wa kukaanga. Ratiba iliwapa saa moja. Hotuba zikala dakika arobaini na tano, maana mpe msomi kipaza sauti, kukirudisha ni kazi. Brigid hakusikia hata moja. Alikuwa akipekua nyuso za wanawake mmoja mmoja. Sulaiti alipopiga honi ya kwanza, alijua akinyamaza sasa atakufa na swali lake. Akasimama.

"Samahani wamama. Kuna mtu hapa alikimbia mafuriko na mlango?"

Daktari Mukhtar akamvuta mkono. "Dada Brigid, mhojiwa ni siri. Tuliahidi."

"Nyinyi ndio mliahidi, daktari. Mimi nilichapa tu."

Wanawake walitazamana, wakaangua kicheko, wakamgeukia mwenzao mmoja mwembamba aliyekuwa akipakua samaki.

"Nani anauliza mlango yangu?" akasema yule, mwiko mkononi.

"Ni mimi, mama. Nimetoka chuo."

"Watu ya chuo walikuja kitambo. Waliuliza choo."

Brigid alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. "Mimi nataka kujua mlango ilikuwa ya nini."

Mama akaweka mwiko chini. "Gentrix, bibi ya kijana yangu, alikuwa na mimba imefika. Maji kila mahali, huku juu ni matope tupu. Wewe ungemlaza wapi? Nilitoa mlango, tukabeba, akazalia juu yake. Kesho yake jirani naye akaleta bibi ya kijana yake. Watoto watano walizaliwa kwa hiyo mlango kabla tenti zifike."

Kisha mama akauliza, "Na yule kijana, aliandika nini juu ya hiyo mlango?"

Brigid aliona aibu ya chuo kizima ikimpanda usoni. Angeweza kudanganya. "Aliandika 'vinginevyo', mama."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Daktari Kiptoo alikuwa ameshatoa daftari na kalamu. "Mama, tafadhali, anza tena pole pole."

"Wewe ngoja," akamwambia. "Hiyo kitabu mpe huyu mama. Yeye ndiye amerudi kuuliza."

Brigid akapokea daftari. Honi ya pili ikalia, na wote arobaini hakuna aliyeinuka. Akaandika juu ya ukurasa, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa: Mhojiwa wa 17.

Mama akainama, akasoma. "Hiyo namba toa," akasema. "Andika Wilkista Nafula Makokha. Andika yote matatu."

Brigid akamtazama Daktari Mukhtar. Daktari akafungua kifungo cha juu cha shati, akaitikia kwa kichwa, na Brigid akaifuta namba.