Milioni Moja na Moja

Sweta za sufu zikiloa hunuka kama kondoo aliyenyeshewa, na darasa letu la saba huko Kianjokoma lilinuka hivyo Julai nzima. Ukungu ulishuka kutoka mlimani ukaingia hadi ndani, tukawa tunapuliza vidole kwanza ndipo tushike kalamu. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mama yangu mzazi. Nyumbani nilimwita mama, darasani mwalimu, na kote kuwili nilimwogopa.

Muhula ule mwanafunzi mmoja wa darasa letu angeenda Embu mjini kwa mashindano ya hesabu, na mshindi angelipiwa karo ya sekondari. Kila mtu alijua ni Wawira, rafiki yangu tuliyeketi naye dawati moja. Baba yake alichuma chai katika mashamba ya watu. Bila karo ile, masomo yake yangeishia darasa la nane. Mimi karo yangu ilikuwepo.

Siku moja mama aliandika ubaoni 1,000,001, akatangaza kwamba hiyo ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. "Nimejaribu namba tasa zote hadi tisini na saba," alisema akipangusa chaki mikononi. Wawira akainua mkono. "Mwalimu, jaribu inayofuata tu. Mia moja na moja inaingia, mara elfu tisa mia tisa na moja." Darasa likaangua kicheko. Nani aliwahi kumsahihisha mwalimu? Mama alisimama pale, uso umemwiva kwa aibu, na Wawira akaketi, ametulia tuli.

Nikazidisha daftarini huku nimeziba kwa mkono. 9,901 mara mia ni 990,100. Nikaongeza 9,901 nyingine chini yake, na zile tisa zikageuka sufuri moja baada ya nyingine hadi ikatoka milioni moja na moja kamili. Aki ya nani, sijawahi kuona hesabu tamu kama ile! Nilikuwa bado naitazama, mama aliponiita.

"Muthoni, wewe umekaa naye. Ni kweli?"

"Hapana, mwalimu. Haiingii."

Damu ni nzito kuliko maji, nilijiambia, namkinga mama. Uongo mtupu! Nilitaka kwenda Embu mimi. Mama alisema wenye kiburi hawatawakilisha darasa lake, akafuta jina la Wawira kwenye fomu ya mashindano akaandika langu. Nilienda, na sikushinda chochote. Wawira alimaliza la nane akafunga kikapu cha kuchumia chai mgongoni.

Leo naishi mjini, mtaa wa Majimbo, nina kazi ya ofisini, na binti yangu huiuliza simu kuhusu namba yoyote ikamjibu kabla sijavaa miwani. Ukweli umekuwa rahisi kuupata hivyo, lakini mama amezeeka na bado sijaweza kumwambia. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja mapema akahamia kwangu kabisa. Mwaka jana nilijikaza, nikamtafuta Wawira sokoni Kianjokoma. Nikamwambia kwamba siku ile nilizidisha, na kwamba nilijua.

"Najua," alisema, bila hata hasira. "Nilikuona ukipata jibu. Ndiyo maana sikubishana na mwalimu tena. Nilijua wewe utasema."