Mpishi wa Shule Aliyegoma Kuomba Radhi kwa Paja la Kuku

Kengele ya mchana haijalia, lakini Mama Viganja ameshafungua dirisha la jiko. Juu ya meza ndefu amepanga sufuria tatu: mboga za majani mwanzo, maharage katikati, wali mwisho. Hakupanga hivyo kwa kubahatisha. Mtoto mwenye njaa hujaza sahani kwa kile anachokutana nacho kwanza.

"Mikono!" anaita mara kengele inapolia.

Watoto wa darasa la kwanza wananyoosha mikono, bado inachuruzika maji. Hapa mpishi hapakui. Kila mtoto anashika upawa mwenyewe, ila kwanza anajipima: mboga zijaze viganja viwili vilivyokingwa, maharage, au nyama ikiwepo, yatoshe kiganja kimoja, wali usizidi ngumi.

"Ngumi ya nani?"

"Yanguuu!"

"Na ya kaka yako?"

"Ya kwakeee!"

Msichana mmoja mwembamba anapakua wali wa kulishia kifaranga. Mama Viganja anamrudisha. "Bibi wee, hiyo ngumi ya sisimizi? Ongeza, mwili wako unadai." Anayefuata ameurundika hadi unamwagika. "Na wewe babu, huo mlima nani ataupanda? Anza na nusu. Ukiwa bado na njaa, rudi. Sufuria haihami."

Kurudi kuongeza ni ruksa kwa kila mtu, na hakuna anayelazimishwa kumaliza sahani akiwa ameshiba. Kwa mambo hayo mawili, na kwa yale ambayo watoto huyabeba hadi majumbani, mwanamke huyu wa miaka hamsini na mbili nusura apoteze kazi yake.

Wanaosahau wakumbushwe. Shule hii ilikuwa na bustani ya mboga nyuma ya madarasa. Ikafyekwa, pakawa maegesho ya magari ya wageni wasiokuja. Kisha wauza soda wakaleta rangi ya bure, wakachora chupa yenye tabasamu ukuta mzima, na wakubwa wakapiga makofi. Miaka yote hiyo mtoto wa shule za namna hii alifundishwa neno moja tu kuhusu chakula: shiba. Ashibe nini, halikumhusu mtu. Akidhoofu, wakasema mama yake mzembe. Akinenepa kwa soda na vya kukaanga, wakasema anadekezwa. Muuza soda aliyeleta rangi hakuulizwa kitu.

Mama Viganja alijua gharama ya neno hilo kabla ya kuja hapa. Alikuwa akigawa chakula katika wodi ya hospitali, na siku moja jina kwenye kitanda likawa la mama yake mzazi. Kisukari kilikuwa kimemchukua mguu.

"Mama yangu alitupenda kwa upawa," anasema. "Ukisema nimeshiba, anaongeza. Ukibakiza, umemtukana. Mabaki yetu sote anayamaliza yeye, eti chakula hakitupwi. Nilipompelekea sahani ya mgonjwa akaniuliza, 'Mwanangu, mbona hamkuniambia?' Tungemwambia nini, nasi tulikuwa hatujui?"

Vipimo vya mkono alifundishwa na mtaalamu wa lishe wa wodi ile. Alipohamia shuleni akavileta, na mwanzo akavivuruga. "Nilipima kwa ngumi yangu mimi! Watoto wadogo wakala ngumi ya mtu mzima, mchana darasa zima likalala. Mwalimu wao akanijia, 'Dada, leo umewapikia dawa ya usingizi?'" Anacheka hadi anashika kiuno.

Leo anaishi na mama yake katika vyumba viwili, na nusu ya mshahara huishia kwenye kodi. Kazi hii ikiota mbawa, wanaoathirika ni wawili.

Na ilikaribia kuota mbawa jioni moja nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, muuza saruji na mabati. Alikuwa amewaalika shemeji zake. Binti yake wa darasa la tatu akaitazama sahani ya baba, akatazama mkono wa baba, akasema, "Baba, hilo paja la kuku limezidi kiganja chako. Halafu mboga zako ziko wapi?"

Shemeji waliangua kicheko. Asubuhi mwenyekiti alikuwa dirishani.

"Wewe mama, umeajiriwa kupika au kuhesabu nyama ya mwanamume nyumbani kwake?"

"Mimi sikuihesabu, Mwenyekiti. Nilimfundisha mtoto kutazama sahani. Ameitazama."

Akaambiwa aombe radhi mbele ya wazazi na aliache somo lake, la sivyo mkataba usingehuishwa. Badala yake angeletwa mtu wa maboksi: chipsi, soseji na soda, kila mtoto boksi lilelile, wa miaka sita na wa miaka kumi na minne.

Mwenyekiti hakuwa peke yake. Wapo wazazi waliosema, "Sisi tunahangaika watoto washibe, yeye anawapunguzia." Hao hawakustahili kuchekwa. Aliyewahi kulala njaa akisikia neno "kipimo," husikia "kunyimwa," na ana haki, maana mara nyingi ndivyo ilivyokuwa.

Mkutano ulifanyika darasani, watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mama Viganja alisimama bila kuvua aproni.

"Mwenyekiti, kwa aibu uliyoipata mbele ya shemeji zako, pole. Ningekuwa mimi ningeona haya pia. Nanyi mnaosema napunguza, njooni dirishani mwone nani amenyimwa. Lakini kwa kumfundisha mtoto, siombi radhi. Mkinifukuza, andikeni kwamba ni kwa hilo."

Kisha akainuka fundi cherehani mmoja. "Wangu nilikuwa namshikia kiboko amalize sahani. Chakula na machozi, kila siku. Sasa anajipakulia, anakula. Mkimwondoa huyu mama, mtakuja ninyi kumlisha?"

Sauti ya pili ilitoka nyuma. Ilikuwa ya mke wa mwenyekiti. "Na mimi niseme. Kwangu mboga zilikuwa pambo la meza. Siku hizi zinaisha."

"Hata wewe?" mumewe akauliza.

"Hasa mimi. Anayepika ni nani?"

Darasa likavunjika mbavu. Kamati ikahuisha mkataba, ila kwa muhula mmoja tu, na kwa sharti: afundishe sahani ya mtoto, ya mzazi aiache. Muhula ukiisha, watamjadili tena. Boksi la soseji bado linasubiri mlangoni.

Mama Viganja ametia saini. "Sharti nimelikubali. Midomo ya watoto sikuiwekea saini."

Naye hakai kusubiri. Amemwomba mwalimu mkuu atenge siku moja muhula huu ambapo wazazi watakula shuleni, akina baba kwa akina mama, bila meza kuu wala sahani ya mgeni rasmi. Tarehe imekubaliwa. Mwenyekiti amealikwa, hajajibu.

"Atakuja," anasema Mama Viganja huku akisugua sufuria. "Kuku nitapika, na paja nitaweka. Aje na njaa yake, apange foleni kama wenzake. Upawa atakabidhiwa na binti yake."